Mwendo wa Saa Tatu

9 Februari 1992

Mwanangu,

Pokea salamu za nyumba nzima. Mimi ni mzima, ila goti la kulia hunikumbusha umri wangu kila ninapopanda ngazi. Dada yako amejifungua mtoto wa kike mwenye sauti ya honi ya lori. Babu yake amefurahi sana, anasema hatimaye amepatikana wa kurithi kazi yake ya udereva. Bati la jikoni bado linavuja palepale ulipoliziba kabla hujaondoka. Naandika kwa mkono kwa sababu utepe wa taipureta umekauka, na muuzaji ananiambia kwamba siku hizi hakuna anayeuulizia. Nilipiga chapa ofisini kwa miaka thelathini, na sikudhani ningeishi kuisikia kauli hiyo.

Sasa jambo lenyewe. Baba yako haoni. Jicho la kushoto lina mtoto wa jicho aliyekomaa, na la kulia linafuata. Juma lililopita alimimina chai pembeni mwa kikombe, kisha akakikaripia kikombe kwa kusogea. Daktari wa macho amempangia upasuaji tarehe ishirini Machi na amesema tusichelewe. Baba yako amekataa. Anasema, "Sikatwi jicho mwanangu akiwa hayupo. Nikiamka kipofu, nataka nishike mkono ninaoujua." Nilimwambia kwamba wangu anaujua tangu nilipozaliwa. Akanijibu, "Wako ni wa kupiga, dada, si wa kushika."

Na hapa ndipo unaponishangaza. Siku ya pili baada ya kuondoka ulipiga simu kwenye duka la vipuri. Baba yako aliporudi nyumbani alikuwa akicheka peke yake njiani. Alitueleza kwamba ndege yako iliruka saa nne asubuhi na kutua saa saba mchana. Mwendo wa saa tatu. Tangu siku hiyo hakuna dereva mstaafu anayekaa dukani pale ambaye hajaambiwa kwamba uko mwendo wa saa tatu tu.

Basi, kama ni saa tatu, njoo. Kaa naye siku mbili, kisha urudi kazini kwako. Nangoja tarehe ya kufika kwako na si jambo jingine.

Shangazi yako


3 Machi 1992

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia habari za mtoto, mwambieni dada kwamba nampongeza. Mimi sijambo. Bado nakaa kwenye chumba kile juu ya tanuri la mikate. Sakafu ina joto wakati wote, kwa hiyo soksi nazianika chini na zinakauka. Kazini tunafunga lifti katika jengo la ghorofa kumi na nne. Siku nzima napanda na kushuka bila kwenda popote, kama anavyosema fundi mkuu wetu.

Habari za macho ya Baba zimenihuzunisha. Tafadhali mwambieni asiningoje. Mwisho wa mwezi huu nina mtihani wa cheti cha ufundi, na mwanafunzi anayekosa siku hata moja hufutwa. Nikimaliza nitaangalia namna ya kuja. Daktari akisema upasuaji ni tarehe ishirini, basi uwe tarehe ishirini. Mshikeni mkono kwa niaba yangu.

Msalimie sana. Mwambie nayakumbuka maneno yake kwamba lori hupozwa kabla ya kuzimwa.

Mwanao


27 Machi 1992

Mwanangu,

Barua yako imefika, na tarehe umeiandika chini kabisa, karibu na jina, kama kitu ulichokisahau. Nimeihamishia juu ilikostahili. Mtoto amepata jino. Goti halijabadilika.

Tarehe ishirini imepita. Baba yako alivaa shati, akakaa kitandani, akaniambia, "Nenda kawaambie mwanangu yuko njiani." Nikamwambia hauko njiani. Akavua shati.

Nilidhani ukaidi wake ni wa uzee tu, lakini nimegundua kwamba una hesabu ndani yake. Unajua jinsi anavyopima. Kwake hospitali haiko mbali wala karibu. Iko dakika ishirini na lori tupu, arobaini na lori lenye mzigo. Aliambiwa na mtu pale dukani mwendo wa ndege kwa saa moja, akauzidisha mara tatu, akaugawa kwa mwendo wa lori lake, akapata siku nne za barabara, tano kukiwa na matope. Siku nne! Sasa hilo ndilo linalomla. Anasema, "Mimi nimekwenda siku nne na kurudi siku nne kwa ajili ya saruji. Saruji ya mtu mwingine. Yeye hawezi kukaa saa tatu kwenye kiti, anahudumiwa chai, kwa ajili ya baba yake?"

Nami, mwanangu, nakuuliza hivyo hivyo.

Dukani nako wamempata. Wewe unamjua yule rafiki yake, Kipara, ambaye hana haya. Juzi alimwambia mbele ya watu, "Mkwe wangu yuko saa sita kwa basi, na kila mwezi namwona mpaka nachoka naye. Wako wa saa tatu tumwone lini, au amepotelea mawinguni?" Watu wakacheka. Baba yako alirudi nyumbani akipapasa ukuta, na tangu siku hiyo hakutaji kwa jina. Anasema "yule wa karibu".

Usiniandikie habari za soksi. Niandikie siku utakayokuja.

Shangazi yako


20 Aprili 1992

Shangazi,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako mara nyingi. Pole kwa goti. Hapa baridi imepungua kidogo, na mwokaji wa chini ameanza kunibishia hodi asubuhi ili nisichelewe kazini, maana saa yangu ya mezani imekufa.

Siwezi kuja sasa. Mtihani umesogezwa hadi Septemba, na mkataba wangu hauniruhusu kutoka kabla ya hapo. Najua hili litakukasirisha. Kipara hajui anachosema. Na Baba naye asipige hesabu kwa mambo asiyoyaona. Saa za huku si kama za huko, Shangazi. Mwambie tu kwamba nampenda na afanyiwe upasuaji. Akikataa, mwambie nimesema mimi.

Mwanao


16 Mei 1992

Mwanangu,

Nyumbani ni salama. Dada yako na binti yake wanasalimia.

Katika barua yako nzima kulikuwa na sentensi moja tu yenye maana, nayo umeificha katikati kama sindano ndani ya godoro: "Saa za huku si kama za huko." Nimekaa nayo siku tatu. Siku ya nne nikavaa viatu vya ofisini, nikaenda mjini kwenye ofisi ya ndege. Kuna binti pale mwenye subira kuliko mimi. Nikamtajia jiji lako. Akafungua kitabu chake, akasema, "Ndege ya huko inaruka saa nne asubuhi, mama, inatua saa saba mchana."

Nikamwambia, "Vyema. Mwendo wa saa tatu."

"Hapana, mama. Saa kumi."

"Binti yangu, kutoka nne hadi saba ni ngapi?"

"Ni tatu. Lakini hiyo saba ni ya kwao. Wao wako nyuma yetu saa saba. Ndege ikitua wao wanakula chakula cha mchana, sisi kwetu ni saa mbili usiku."

Nilimtaka arudie. Akarudia, na mara ya tatu akanichorea maduara mawili ya saa kwenye karatasi, kila moja na mishale yake. Nikamshukuru, nikatoka, nikakaa kwenye ngazi za ofisi ile, mimi niliyekuwa nikiwafukuza watu kwenye ngazi za ofisi yangu.

Saa kumi angani. Binti amenionyesha na umbali wake: mara tatu na zaidi ya ule aliokokotoa baba yako, na bahari nzima katikati. Na wewe unajua hivyo tangu siku uliyotua.

Sasa naelewa kwa nini tangu simu ile ya kwanza hukupiga nyingine. Ungepiga, baba yako angekuuliza unakula nini, nawe ungejibu chakula cha mchana ilhali kwetu jua limezama. Umejifungia mdomo kwa neno moja ulilolinyamazia.

Kuhusu mtihani, sitakuuliza ulikwendaje ule wa Machi. Mtihani "uliosogezwa" naujua. Nimeona vijana wengi wa ofisini wakisogezewa mitihani. Mtu huanguka, huinuka, hujipangusa. Hilo silo linaloniudhi.

Linaloniudhi ni hili. Mzee anangoja upofu kitandani, anaamini kwamba mtoto wake yuko jirani na hamtaki. Hakuna aliyemwambia hivyo. Amelihesabu mwenyewe, kwa namba ulizompa. Mimi sitamwambia ukweli usio wangu. Utamwandikia wewe, kwa mkono wako, nami nitamsomea neno kwa neno bila kuongeza huruma. Fanya haraka. Daktari amesema jicho la kushoto limeanza kupanda presha, na presha haingojei mtihani.

Shangazi yako


8 Juni 1992

Shangazi,

Shikamoo. Karatasi ya pili ndani ya bahasha hii ni ya Baba. Msomee kama ulivyosema.

Kwako nataka kueleza jambo moja. Usiku wa kuamkia safari, Baba alinisaidia kufunga sanduku. Alilifunga kwa kamba ya turubai, kwa fundo lake lile la kwenye trela. Akaniuliza, "Ni mbali?" Nikasema sijui. Akasema, "Mimi nimekaa barabarani nusu ya utoto wako. Mama yako alikufa nikiwa na pancha siku mbili kutoka hapa. Nisingependa uwe mbali." Akajaribu fundo kama limekaza.

Nilipopiga simu aliuliza nilifika saa ngapi. Nilikuwa nimeangalia saa ya ukutani uwanja wa ndege, nikamjibu kama nilivyoiona. Nikasikia anacheka. Shangazi, unajua Baba hacheki. Akapaza sauti, "Jamani, ni saa tatu tu, mtoto yuko hapo hapo!" Nikafungua mdomo, na sarafu ikaisha. Juma lililofuata nilikuwa na sarafu nyingine. Juma lililofuata tena nilikuwa nazo mbili.

Mtihani nilianguka. Ulishajua.

Mwanao


4 Julai 1992

Mwanangu,

Keti kabla ya kusoma. Wote tuko hai.

Tarehe ishirini na mbili Juni niliamka nikakuta kitanda cha baba yako kimetandikwa. Alikuwa amechukua blanketi, kibuyu cha maji na tochi isiyomfaa kitu. Kumbe yeye na Kipara walikuwa wamepanga kwa majuma mawili, dukani, chini ya pua yangu. Kipara aliazima lori la mpwa wake. Kipara anaona lakini hajui njia. Baba yako anajua njia lakini haoni. Waliona kwamba wakiunganishwa wanatosha dereva mmoja. Safari ilikuwa ya siku nne: kwenda kukuchukua kwa mkono, kukuweka katikati yao kwenye kiti, na kukurudisha ushike unachotakiwa kushika.

Haya yafuatayo nimeyapata kwa Kipara, ambaye kwa mara ya kwanza tangu nimjue aliongea akiangalia chini.

Siku ya pili walifika mpakani. Afisa akawauliza waendako. Baba yako akataja jiji lako. Afisa akamtazama Kipara, Kipara akatazama usukani. Afisa hakucheka, Mungu amjalie. Aliwaingiza ofisini, kwenye ramani kubwa ya ukutani, akasema, "Mzee, sisi tupo hapa."

Baba yako akasema, "Sioni. Chukua kidole changu, ukipeleke."

Afisa akakishika kidole, akakiweka walipo, akaanza kukivuta. Kikapita nchi ya jirani, na baba yako akaitambua, akataja mizani ya malori iliyoko pale na jina la utani la mpima mizigo. Kikapita nchi ya pili. Hiyo pia aliwahi kuifikia. Kisha akaanza kuuliza.

"Hapa ni wapi?"

"Hapa maji, mzee."

"Bado?"

"Bado."

Kipara anasema kidole kilikwenda, kikaenda, mpaka mzee ikambidi ahame, asogee hatua pembeni ili mkono ufike.

"Bado ni maji?"

"Bado, mzee. Sasa nchi kavu. Lakini mji wenyewe uko upande wa pili wa nchi hiyo."

Kidole kiliposimama, baba yako hakuuondoa mkono ukutani. Kisha akauliza ndege inachukua muda gani. Afisa hakujua kwa hakika, akakisia saa tisa au kumi. Baba yako akasema, "Kumbe mtoto yuko mbali." Akarudia, lakini si kwa huzuni. Kipara anaapa kwamba alilisema kama mtu aliyetuliwa gunia. "Yuko mbali, Kipara. Si kwamba hataki. Na mimi nimemtukana kutwa."

Njia nzima ya kurudi kazi yake ikawa kumwambia Kipara wapi pana kona.

Aliponikuta mlangoni nilikuwa na maneno ya siku nne kinywani. Akanitangulia: "Dada, nipeleke hospitali."

Barua yako iliingia siku tatu baadaye. Nikamwambia, "Mwanao amekuandikia, nikusomee?" Akanyoosha mkono, akaikunja, akaitia mfukoni mwa shati. "Usinisomee," akasema. "Hiyo nimeshaipitia kwa kidole."

Upasuaji ni tarehe kumi na tatu. Mkono atashika wangu, apende asipende.

Shangazi yako


26 Julai 1992

Shangazi,

Shikamoo. Nimemwambia fundi mkuu kwamba naacha. Mtihani wa Septemba sitaufanya. Nikipata nafasi kwenye ndege ya mwisho wa Agosti nitakuja, na nitabaki huko. Niandikieni upasuaji ulikwendaje. Kila nikifunga mlango wa lifti naona kidole cha Baba.

Mwanao


18 Agosti 1992

Mwanangu,

Mtoto anakaa mwenyewe sasa, na akianguka hulia kwa hasira badala ya maumivu. Katoka kwetu.

Nitakueleza mambo kama yalivyo. Jicho la kulia limepona. Kitambaa kilipoondolewa, kitu cha kwanza baba yako alichosema ni kwamba nimezeeka. Jicho la kushoto limekwenda. Daktari alisema, bila mtu kumuuliza, kwamba Machi lingeokolewa. Nilimtazama sana ili asirudie, lakini baba yako alikwisha kusikia.

Sitakuficha kwamba nimekasirika. Nilikasirika na wewe Februari kwa kuwa karibu, nikakasirika Mei kwa kuwa mbali, na sasa nimekasirikia jicho ambalo lilipotea wakati nyinyi wawili mkitunziana heshima. Hasira hii itaisha kwa wakati wake. Usiiharakishe kwa kuja.

Maana hutakuja. Nimemsomea baba yako barua yako ya mwisho, akaniambia niandike hivi, nami naandika anavyosema, makosa yake yote ndani: "Mwambie asiache mzigo nusu ya njia. Amalize huo mtihani. Nililala porini na pancha, sikuliacha lori. Jicho si lake, ni langu, nililikataa mwenyewe. Na moja linatosha. Aliye mbali haonekani hata kwa mawili."

Basi rudi kwa fundi mkuu, umwombe radhi, ukasome. Akikukatalia, mwambie una shangazi anayejua kuandika barua.

Jambo la mwisho. Baba yako amerudi dukani. Kipara hamtanii tena, na baba yako analalamika kwamba duka limepooza. Ramani amekataa kununua, anasema anayo. Lakini amewaagiza wote pale, pamoja na mwenye duka, kwamba ukipiga simu yeyote atakayeipokea asikujibu salamu kabla hujataja ni saa ngapi huko uliko. Utaje saa yako kwanza. Kisha ndipo akaitwe.

Piga hiyo simu.

Shangazi yako